Nyumba ya Mama, Juu ya Bigwa

Magreth alikuwa ameapa mbele ya kioo kwamba hatakanyaga tena kwenye gofu lolote kwa ajili ya mwanaume yule. Kiapo hicho hakikumaliza hata wiki. Ijumaa ile alasiri alijikuta amesimama kwenye lango la korona, vumbi limempanda hadi magotini, anamuuliza mlinzi kama Eustace yumo ndani, na aibu anaiona mwenyewe.

Korona ni jina ambalo watu wa mkonge walilipa jengo la mtambo wa kuchania majani. Hili lilikuwa limekufa kabla Magreth hajazaliwa. Mashine zilikwisha kung'olewa, zikabaki kuta, mabati yaliyotoboka, na kibao chenye maandishi mekundu ya kukataza watu kuingia, ambacho mbuzi wa pale walikigeuza mahali pa kujikunia. Mzee Abasi alililinda kwa niaba ya mwenye mali ambaye hajawahi kuonekana.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umemfuata mtu wako?"

"Siyo mtu wangu tena, babu. Nimekuja kumuuliza neno moja tu."

"Aa." Mzee Abasi alimtazama kuanzia kichwani, pale nywele zilipokuwa zimesukwa upya, hadi kwenye gauni la maua ambalo hakuna mwanamke anayelivaa kwa kwenda kuuliza neno moja. Alifungua lango. "Yumo tangu adhuhuri. Siku nyingine ananiambia anaanzia wapi na anatokea wapi, ili akizama nijue pa kumtafuta. Leo kaingia hana hata kamera. Kakaa tu anatazamana na popo. Nikasema, kijana kaachwa huyu."

Eustace alikuwa fundi umeme, na kazi yake aliijua. Lakini mapenzi yake yalikuwa magofu. Wenzake walipokwenda kutazama mpira, yeye alivaa viatu vya ngozi nzito, akafunga tochi kichwani, akaenda kuzunguka majengo yaliyokimbiwa na watu: nyumba za zamani za reli, ghala za pamba, hoteli isiyo na wageni. Alipiga picha akaziweka kwenye ukurasa wake, Magofu ya Moro, na watu walimfuata kwa maelfu. Hakuvunja kitu, hakuokota kitu, na hakuingia pasipo kuomba kwa mlinzi.

Kilichomleta kwa Magreth kilikuwa picha vilevile. Magreth alikuwa na kitalu cha miche pale Bigwa, anauza miparachichi na midalasini. Siku moja kijana mrefu alikuja na simu mkononi akamwonyesha mti uliochomoza kwenye dirisha la ghala. "Dada, samahani, huu ni mti gani?" Mkuyu, Magreth akamwambia, na utaibomoa hiyo nyumba. Kesho yake akaja na mti mwingine. Wiki iliyofuata mwingine. Mpaka siku Magreth aliposhika kiuno akamuuliza, "Kaka, wewe unatafuta miti, au unatafuta mwenye miti?" Kijana akacheka, akakiri, na kuanzia hapo hawakuachana.

Waliachana wiki hii, na sababu ilikuwa picha pia.

Mshenga wa akina Eustace alikwishakuja kuposa, akaambiwa arudi Jumapili kuchukua jibu. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo jibu lilikuwa kwa mjomba wake Magreth, mzee Severini, aliyemlea tangu mama yake, Yuliana, alipofariki Magreth akiwa darasa la kwanza. Severini hakuwa na chuki na kijana. Manung'uniko yake yalikuwa kwamba mtu mzima anaacha nyumba za watu walio hai anakwenda kupiga picha popo. Hilo lingepita. Ndipo kwenye kundi la ukoo la WhatsApp ikaingia picha ya chumba chenye ukuta wa matofali, na kwenye msumari inaning'inia kanga ya njano yenye michoro ya korosho. Magreth aliitambua kabla hajavuta pumzi. Ilikuwa kanga ya mama yake, na chumba ni cha mama yake, ndani ya nyumba iliyo juu ya Bigwa ambayo bibi yake aliifunga baada ya msiba kwa kufuli lake la siku zote, akasema asiingie mtu. Chini ya picha mtu aliuliza nani kaipiga. Mwingine akajibu: ni yule wa magofu.

Magreth alimpigia Eustace simu palepale na kumuuliza kama ni yeye. Eustace akasema ni yeye. Magreth akakata, na hakupokea tena.

Sasa alimwona. Alikuwa amekaa juu ya jiwe lililowahi kubeba mashine, viwiko magotini. Jua lilipenya kwenye matundu ya bati likamwangukia begani. Alikonda, au labda ni Magreth aliyetaka awe amekonda. Eustace aliinua uso, akasimama haraka mno, kisha akabaki hajui aje au asije.

"Usinisogelee," alisema Magreth. "Nimekuja na swali moja. Nikijibiwa naondoka."

"Uliza."

"Mjomba alipanda juzi kwenda kutazama. Mlango haujavunjwa. Kufuli limefungwa vizuri kama bibi alivyolifunga. Uliingiaje?"

Eustace alishusha macho. "Kwa ufunguo."

"Ufunguo wa nani? Bibi amekufa hakuacha ufunguo. Mjomba hana. Hakuna mtu mwenye ufunguo wa nyumba ile!"

"Yupo mmoja."

"Usinifanye mtoto, Eustace! Umeingia kwa mama yangu kama unaingia humu kwenye popo. Umeipiga picha kanga yake. Watu wanaangalia kanga ya marehemu mama yangu kwenye simu huku wanakunywa chai!" Sauti ilimkatika. Alichukia kulia mbele yake, kwa hiyo alimpa kisogo na kuanza kutembea kwa hasira kukatisha ukumbi.

"Magreth. Simama hapohapo."

Hakupiga kelele. Alisema taratibu, na utaratibu ule ndio uliomsimamisha Magreth, kwa maana aliujua. Ndivyo alivyosema siku walipokutana na nyuki kwenye nyumba ya reli.

"Chini yako kuna mbao juu ya shimo la maji machafu. Mbao zimeoza. Usirudi nyuma, usiende mbele. Nakuja."

Alikuja akiambaa na ukuta, anagonga chini kwa fimbo, anasikiliza, anasogea. Kwenye ukingo wa saruji alipiga goti akanyoosha mkono. Magreth alipoushika, alijua kosa alilofanya, kwa sababu mkono ule aliukumbuka wote, hadi kovu la kuungua na waya kwenye kidole gumba. Alivutwa upande wa pili. Walibaki wameshikana kupita muda uliohitajika, macho yakagongana, na hakuna aliyejifanya kwamba moyo haumwendi mbio.

"Niambie," Magreth alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Ni nani?"

"Baba yako."

Magreth aliuchomoa mkono.

"Mama yangu ndiye aliyeanza," alisema Eustace. "Aliniuliza, tunamposa binti, baba yake amesemaje? Nikamwambia baba yake aliondoka. Akasema, ameondoka, hajafa. Unajua kwetu Bukoba binti anaombwa kwa baba. Mama akasema hawezi kula ubwabwa wa harusi ambayo baba wa bibi harusi hajaambiwa hata kwa heshima. Nikakaa kimya kwako, kwa sababu nikikutajia baba yako unanuna siku mbili. Nikaulizia. Nikasikia yuko Dumila, njia panda pale, anagonga matenga ya nyanya."

"Alikuwa seremala," Magreth alisema, bila kutaka.

"Bado ni seremala. Matenga yake yamenyooka kama makabati. Nilimsalimia, nikamwambia, mzee, nataka kumuoa binti yako. Akaacha nyundo. Akaniuliza, yupi? Nikashangaa, nikamuuliza, kwani una wangapi? Akasema, ninaye mmoja, ila nilitaka nimsikie mtu mwingine akilitaja jina lake."

Popo mmoja aliruka juani, akarudi gizani. Magreth alikaa kwenye ukingo wa saruji.

"Akaniambia hana neno la kusema juu yako, neno ni la wajomba zako, ndivyo ilivyo, halalamiki. Ila ana ombi. Nyumba aliijenga kwa mikono yake na hajui kama imesimama au imeanguka. Akavua ufunguo shingoni. Akasema nenda kaniangalizie, unipigie picha. Nikaenda. Picha sikuziweka popote, Magreth, nakuapia. Baba yako ana simu ya kitochi, kwa hiyo nilizituma kwa jirani yake muuza vitunguu ili amwonyeshe. Yule jirani naye akaona kanga nzuri, akaiweka status. Imetoka kule ikafika kwenu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka kukuambia siku moja nikiwa na habari nzuri. Nilikosea." Alisita. "Na kosa lingine ni kubwa zaidi. Nilidhani nina ruhusa. Kwetu baba akishatamka, mlango umefunguka. Yeye ndiye aliyejenga, yeye ndiye mwenye ufunguo. Sikujua kwamba nimeomba upande usio na neno."

"Kwetu mwanaume anaweza kujenga hata ghorofa," alisema Magreth polepole. "Ardhi ni ya mke na ndugu wa mke. Mke akifa, mume anaondoka na nguo zake. Baba alijua hivyo. Lakini mimi je, Eustace? Mimi sikuwa nguo? Aliondoka hakugeuka nyuma. Aliniacha."

"Hakukuacha."

"Wewe unajua nini?"

"Aliniambia. Baada ya matanga alikupakia nyuma ya baiskeli, umelala, akakufunga kwa shuka lake usidondoke. Alifika nawe hadi darajani. Mjomba wako na vijana wakamfuata wakakuchukua. Walimwambia mtoto ni wa ukoo wa mama, na kwamba asirudi."

Magreth aliweka mkono mdomoni. Kwa miaka yote alikuwa na ndoto moja aliyodhani ni ya homa: mgongo wa mtu, harufu ya mbao iliyorandwa, na barabara inayotingishika. Hakuwahi kumsimulia mtu. Machozi yalitoka bila kelele, na safari hii hakumpa Eustace kisogo. Eustace alikaa kando yake. Hakumgusa. Alimpa leso, na ilikuwa na harufu ya nyaya.

"Nakupenda," alisema. "Ukiniacha nitakuelewa. Ila usimwache yule mzee ukidhani alikuacha."

Mjinga huyu, aliwaza Magreth. Anaachwa, na badala ya kujitetea anamtetea mtu mwingine. Alimpenda pale kupita siku zote, na hasira aliyokuja nayo hakuiona tena ilipo.

"Kesho asubuhi mjomba anapanda kuweka kufuli jipya," alisema, akifuta pua. "Jumapili atamwambia mshenga hapana. Ameshaniambia, na mjomba akisema, amesema. Wewe kesho unapanda na mimi. Utamweleza kwa mdomo wako."

"Atanipiga na hilo kufuli."

"Atakupiga. Njoo na kofia yako ngumu."

*

Asubuhi ukungu ulikuwa bado umelalia mabega ya Uluguru walipopita migomba ya mwisho ya Bigwa na kushika njia ya juu. Eustace alivaa shati la kanisani na viatu vyake vya magofu, mchanganyiko uliomchekesha Magreth mara mbili njiani. Wanawake waliokuwa wanashuka na mikungu na vikapu vya karoti waliwapisha, wakawasalimia, na wakageuka kuwatazama vizuri.

Nyumba ilionekana kwa ghafla, ndogo kuliko alivyoikumbuka. Bati limeshika kutu, mipera imemea hadi kwenye madirisha. Mzee Severini alikuwa amekaa kizingitini, kufuli jipya mapajani bado lina plastiki yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama."

"Shikamoo, mzee," alisema Eustace.

Severini aliiacha salamu hewani hadi Eustace akatokwa jasho, kisha akaipokea, kwa sababu shikamoo haikataliwi. "Marahaba. Umekuja kupiga zilizobaki?"

"Nimekuja kuomba msamaha, mzee." Eustace alipiga goti moja, akatoa ufunguo, akaunyoosha mbele kwa mikono miwili. Akaeleza yote kama alivyoeleza kwenye korona. Alianza na mama yake, akaja kwenye safari ya Dumila na picha zilivyofika kwa jirani, wala hakujipunguzia chochote. "Niliingia kwa ruhusa ya mtu asiye na ruhusa. Sikujua. Lakini ningeuliza, ningejua."

Severini hakuupokea ufunguo. Aliutazama tu.

"Fidelis bado alikuwa nao," alisema, akimtaja baba yake Magreth. Ilikuwa kama anaongea na nafsi yake.

"Alikuwa anauvaa shingoni, mzee."

"Mjomba," Magreth aliingilia, kabla moyo haujamwisha. "Ni kweli alitaka kunichukua?"

Mzee aligeuza kufuli jipya mapajani. Chini bondeni jogoo aliwika amechelewa. "Ni kweli."

"Na kwa nini niliambiwa aliniacha?"

"Mimi sikukuambia hivyo. Watoto wenzako walisema, nami sikuwakanya." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Nilikuwa nimemzika dada yangu, Magreth. Nikaona huyu mwanaume anaondoka na kitu pekee alichoniachia dada. Ulikuwa unafanana naye mpaka meno."

Magreth alitaka kukasirika. Alijaribu. Lakini huyu alikuwa ndiye mtu aliyembeba mgongoni kwenda zahanati usiku wa degedege, aliyejifunza kusuka nywele vibaya ili asiende shule hajasukwa. Hasira ilikuja ikakuta mahali pamejaa.

"Naomba kuingia," alisema.

Akauchukua ufunguo mikononi mwa Eustace, akafungua.

Harufu ya vumbi na asali iliwapokea. Nyuki walikuwa wamehamia kwenye dari. Hatua ya kwanza tu Eustace alimzuia kwa kidole begani. "Ambaa na ukuta. Dari pale katikati imebeba maji, inaweza kushuka. Mzee, na wewe pitia nilipopita mimi." Na Severini, ambaye hakuwa amekusudia kuingia hata kidogo, alijikuta anafuata nyayo za kijana ambaye yeye mwenyewe alitaka kumfukuza, hatua kwa hatua, ameshikilia ukuta.

Kanga ilikuwa kwenye msumari. Upande mmoja ulipauka kwa jua, upande wa ukutani ulibaki njano kama siku iliponunuliwa. Magreth hakuigusa kwanza. Aliisogelea, akafumba macho, akavuta hewa. Hapakuwa na harufu ya mama, kulikuwa na vumbi tu, na bado ilitosha. Kitanda kilisimama kwa miguu yake minne, hakuna hata mmoja uliolegea.

"Magreth," Eustace aliita kwa sauti ya chini. "Hii nilidhani ni mchwa. Sasa naona ni kisu."

Kwenye fremu ya mlango wa chumbani kulikuwa na mikato, mmoja juu ya mwingine, ya mtoto anayepimwa urefu. Iliishia usawa wa kifua cha Magreth. Halafu, juu sana, peke yake, mkato mmoja mrefu.

"Mwendawazimu yule," alisema Severini. "Nilimwambia, Fidelis, unaharibu fremu nzuri. Akasema, huu wa juu ni wa siku atakayoweza kuolewa. Kabla hajafika hapa, asije mwanaume. Dada yangu alicheka mpaka akakaa chini."

Magreth alivua viatu, akasimama na mgongo kwenye fremu, visigino vimegusa mbao. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Eustace alitazama na akageuza uso upande, lakini mzee Severini alikuja, akaweka kiganja juu ya kichwa cha mpwa wake, akakisogeza hadi kwenye mbao. Kiganja kilitua juu ya mkato kwa upana wa kidole.

Alikiacha pale kwa muda.

"Mjomba," alisema Magreth, bado amesimama wima. "Nikuulize. Nyumba hii ya nani?"

"Ya mama yako."

"Na mama hayupo."

"Basi ni yako. Unauliza unalolijua."

"Kwa hiyo Eustace alipoingia, aliingia kwa nani?"

Severini aliona mtego, lakini alikuwa amekwisha kuingia miguu yote miwili. "Kwako."

"Basi aliyekosewa ni mimi. Na mimi nimemsamehe."

Eustace alikohoa. Mzee alimtazama mpwa wake, na pembe ya mdomo ikaanza kumsaliti.

"Hii ni akili ya Yuliana," alisema. "Haya. La nyumba umenishinda. La posa bado ni langu."

"Ni lako, mjomba. Sitakutoroka, wala sitaolewa kwa kupita nyuma ya mgongo wako. Wewe ndiye uliyenilea na nataka neno lako." Hapo sauti ikaanza kutetemeka, akaiacha itetemeke. "Lakini siwezi kuposwa kesho hapa Bigwa huku baba yangu yuko Dumila anagonga matenga. Akiwa amekatazwa kuja, basi na mimi niseme hapana kwa mshenga. Nitamwambia mwenyewe. Nampenda Eustace kuliko ninavyoweza kukueleza, na bado nitasema hapana."

Uso wa Eustace ulibadilika rangi. Hakuwa amelitarajia hilo. Aliangalia chini, na hakumwomba abadilishe.

Nyuki walivuma juu ya vichwa vyao. Severini alikwenda hadi dirishani, akatazama mji ulivyolala kule chini, mabati yake yakianza kung'aa. Alichukua muda mrefu kutazama kitu ambacho alikuwa anakiona kila siku ya maisha yake.

"Mpigie," alisema, bila kugeuka.

Eustace alimpigia jirani muuza vitunguu. Walisikia kelele za njia panda, malori, watu wanauza mahindi, kisha jirani akiita, mzee Fidelis, mzee Fidelis, simu yako. Magreth alipewa. Eustace akamshikia kiwiko, mbele ya mjomba, na hakuna aliyekemea.

"Nani?" ilisema sauti. Ilikuwa imezeeka, lakini aliijua.

"Shikamoo, baba."

Kelele za Dumila ziliendelea bila yeye.

"Ni mimi, Magreth. Niko nyumbani kwa mama. Imesimama, baba. Fremu zote zimesimama. Nimepita ule mkato wako."

Alisikia pumzi ikivutwa, ikakatika, ikavutwa tena. Magreth alibaki ameshika simu kama mtu aliyeshika maji. Ndipo mkono mzito ukaitwaa simu polepole. Severini aliiweka sikioni. Alisafisha koo mara moja, na mara ya pili.

"Shemeji," alisema.

Neno hilo hakulitamka tangu matanga.

"Shemeji, ni Severini. Kesho kuna wageni wanakuja kwangu. Wanamposa binti yetu, na mimi nimeona nikubali. Ila siwezi kuwapokea peke yangu. Panda gari la asubuhi, uje ukae hapa kando yangu." Alinyamaza, akasikiliza. "Shemeji? Usilie barabarani, watu watadhani umeibiwa. Unanisikia?"